Nani Atasimulia Lupa?

Mwaka 1962 mwandishi wa Afrika Kusini, T. V. Bulpin, alichapisha kitabu kiitwacho The Hunter is Death. Kinasimulia maisha ya George Rushby, Mwingereza aliyewinda tembo, akatafuta dhahabu Lupa, kisha akawa bwana nyama wa serikali ya kikoloni katika nyanda hizi za juu kusini. Miaka mitatu baadaye Rushby mwenyewe alitoa kitabu chake, No More the Tusker. Ukitaka kujua Mzungu wa miaka ya 1930 aliionaje Chunya, mahali pa kuanzia ni hapo. Ukitaka kujua kijana aliyetoka Rungwe kwa miguu kuja kuchimba alilala wapi usiku wa kwanza, itabidi ubishe hodi kwingine.

Nimeanza na vitabu hivi kwa sababu nataka kuzungumzia maktaba, na hasa jambo moja ambalo maktaba nyingi duniani zimelianza katika miaka kumi hivi iliyopita: podikasti. Maktaba ya umma inanunua vinasa sauti viwili, inamkalisha mkutubi mbele ya kimoja na mgeni mbele ya kingine, na wanaongea kuhusu vitabu, filamu na historia ya mji wao. Nimezisikiliza kadhaa. Swali langu ni la kichimbaji: jambo hili likiletwa Chunya litatoa dhahabu, au litatuachia kifusi tu?

Tuanze na mfano unaosifiwa sana. Maktaba ya Umma ya Brooklyn, huko New York, ilianza mwaka 2018 podikasti iitwayo Borrowed. Jina lenyewe maana yake ni kitu kilichoazimwa. Kila kipindi kinaanzia maktabani: msomaji fulani, tawi fulani, rafu fulani. Kutoka hapo kinakwenda nje, kwenye mtaa, kwenye historia ya wahamiaji, kwenye kodi za nyumba. Mwaka 2022 maktaba hiyo ilianza kuwapa vijana wa Marekani nzima kadi za bure za kuazima vitabu kwa njia ya intaneti, kwa sababu shule na maktaba za majimbo mengine zilikuwa zinaviondoa vitabu kwenye rafu. Mwaka uliofuata podikasti ikatoa mfululizo mzima juu ya kadhia hiyo, ukiitwa Borrowed and Banned.

Ninachokipenda humo ni kwamba sauti na rafu zinashikana mikono. Ukimaliza kusikiliza unaonyeshwa vitabu vya kuendelea navyo, na vitabu hivyo vipo. Mtu wa Brooklyn anashuka kwenye basi, anaingia tawi lililo karibu, anaazima. Kipindi kimekuwa mlango. Huo ndio ufundi wa podikasti ya maktaba, na ndipo inapoachana na podikasti ya rafiki zako wawili wanaopiga soga kuhusu riwaya waliyoisoma juzi. Rafiki zako wanaweza kuwa wachangamfu kuliko mkutubi, lakini hawana cha kukuazima.

Kwa kipimo hichohicho podikasti ya maktaba inaweza kuanguka. Maktaba inayozungumzia vitabu isivyokuwa navyo inafanana na duka lenye bango zuri na rafu tupu. Hapa kwetu swali hilo si la nadharia. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iko Mbeya mjini. Kutoka Chunya ni kilomita 72 hivi, barabara ya lami inayopanda milima ya Mbeya na kukata ukungu, mwendo ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kuufanya kila Jumamosi kwa ajili ya kitabu. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumbani cha siku. Basi mtu akiniambia kwamba podikasti ndiyo suluhisho kwa kuwa sauti haihitaji nauli, nakubaliana naye nusu. Sauti itafika. Kitabu je?

Kabla ya kulijibu hilo, twende Nairobi. Mwaka 2025 filamu ya hali halisi iitwayo How to Build a Library ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance. Waongozaji ni Maia Lekow na Christopher King, walewale waliotengeneza The Letter mwaka 2019. Filamu inawafuata Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waanzilishi wa Book Bunk, shirika lililoundwa mwaka 2017 kuzifufua maktaba za umma za Nairobi. Kubwa kati ya hizo ni McMillan, jengo la nguzo nyeupe lililofunguliwa mwaka 1931 kumkumbuka tajiri mmoja mlowezi. Waafrika hawakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwaka 1958. Mwaka 1962 jengo likakabidhiwa kwa Halmashauri ya Jiji.

Wengi walioiandikia filamu hii wameisifu kama hadithi ya wanawake wawili wajasiri dhidi ya urasimu. Ni kweli, lakini mimi kilichonishika ni kitu cha chini zaidi: vumbi. Kuna magazeti ya zamani, picha, majalada, vitabu vilivyorundikwa bila mpangilio. Kabla ya mtu kusema neno lolote kwenye kinasa sauti, kuna mtu aliyevaa barakoa na kupangusa karatasi moja baada ya nyingine, akiuliza: hii ni nini, ya mwaka gani, nani yumo pichani? Filamu inatuonyesha kwamba historia ya mji haikai ikisubiri kusimuliwa. Inabidi kwanza iorodheshwe. Na kuorodhesha ni kuchagua, maana rafu za McMillan zilijazwa na watu waliokuwa wanawafungia wengine mlango. Ukizisoma rafu hizo kwa sauti mbele ya kinasa sauti bila kuuliza nani alizijaza, utakuwa unawatangazia walowezi bure.

Filamu hiyo ina upungufu mmoja ninaoona ni bora niutaje. Inakaa sana na waokoaji wa maktaba na kidogo mno na wasomaji. Watoto wanaoingia kwenye matawi ya Eastlands tunawaona wakisoma, wakicheza, wakitabasamu, lakini ni mara chache tunasikia wamesoma nini na kimewafanya wabishane na nani. Ni kosa ambalo podikasti ya maktaba ingeweza kulirekebisha kwa urahisi, kwa sababu kumwuliza mtoto wa darasa la sita maoni yake kuhusu kitabu hakuhitaji kamera wala taa.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi hatuanzi na mikono mitupu. Tanzania iliwahi kuoanisha sauti, kitabu na mazungumzo kwa kiwango ambacho Brooklyn haijawahi kukiota. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na redio, kitabu na kiongozi aliyefunzwa. Walisikiliza kipindi, wakasoma sura inayohusika, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Kabla yake kulikuwa na Wakati wa Furaha mwaka 1971, kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, na baada yake kukaja Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Huo ni muundo wa podikasti ya maktaba miaka 30 kabla neno podikasti halijazaliwa. Ukiutazama kwa makini unaona viungo vyake vitatu. Kwanza sauti inayowafikia wote, hata asiyejua kusoma. Pili maandishi yanayobaki mkononi sauti ikishapita. Tatu kundi la watu wanaojuana, wanaoweza kukatishana maneno. Ukiondoa kimoja, viwili vinavyobaki vinapwaya. Podikasti nyingi za leo zina kiungo cha kwanza pekee: unasikiliza ukiwa peke yako, masikio yamezibwa, kisha programu ya simu inakuletea nyingine kabla hujatafakari.

Lakini mfano wa 1973 nao una doa, na sipendi tuuimbe kama wimbo wa shule. Maneno yalitoka juu kwenda chini. Dar es Salaam ilisema, vijiji vikasikiliza na kutekeleza. Kikundi cha Lupa Tingatinga kingeweza kujadili malaria hadi usiku, lakini hakikuwa na njia ya kuisikia sauti yake ikirudi hewani siku iliyofuata. Redio yetu ilikuwa na kipaji kikubwa cha kusimulia. Watu wazima wa leo bado wakisikia Mama na Mwana wanaikumbuka sauti ya Debora Mwenda kabla ya kukumbuka hadithi yenyewe. Ila msimulizi alikuwa mmoja na wasikilizaji wengi. Simu janja imelibadilisha hilo. Leo mtu wa Makongolosi ana kinasa sauti mfukoni kizuri kuliko baadhi ya vilivyokuwa studio wakati ule. Tatizo lililobaki ni nani anapokea anachonasa, anakihifadhi wapi, na kwa jina gani kitatafutwa baada ya miaka 20. Kazi hiyo ina jina: ukutubi.

Hapo ndipo naiona Chunya. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa nguvu ya dhahabu ya Lupa. Miaka ya 1930 walikuja wachimbaji wa Kizungu kwa mamia na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Leo dhahabu imerudi kutawala mazungumzo: soko la madini la Chunya lilifunguliwa mwaka 2019, karasha zinasaga mawe usiku kucha, na kijana akipotea mtaani wiki mbili watu hawaulizi yuko wapi, wanauliza yuko kwenye rashi ipi. Mji huu umewahi kutajirika mara mbili, na katikati ukasahaulika. Ni nadra mahali padogo kuwa na historia nene namna hii, na ni nadra zaidi historia hiyo kuwa mbali namna hii na wenyewe.

Nitataja vitabu vitatu kuonyesha umbali huo.

Cha kwanza ni hicho cha Bulpin. Ni kitabu kinachokwenda mbio, kinachojua kumweka msomaji roho juu. Udhaifu wake ni kwamba nchi nzima imegeuzwa jukwaa la mtu mmoja. Mfano mzuri ni simba wa Njombe, waliokula watu kati ya mwaka 1932 na 1947, hadi Rushby na askari wake wanyamapori walipowamaliza. Idadi ya waliouawa inayotajwa na kurudiwa kila mahali ni 1,500 na zaidi, na msingi wake ni makadirio ya Rushby mwenyewe. Podikasti za uhalifu na maajabu za Ulaya na Marekani zinakipenda kisa hiki: simba, uchawi, mzungu mwenye bunduki. Wanasimulia kwamba watu waliamini simba wale wametumwa na mganga aliyevuliwa cheo, kisha wanacheka kidogo, wanaendelea. Msimulizi wa maktaba ya hapa angeanzia wanapoishia wao. Hao 1,500 walikuwa watoto wa nani? Kuna ukoo wa Wanging'ombe ambao bado haumpi mtoto jina fulani kwa sababu ya simba? Na ile habari ya mganga, je, haikuwa pia njia ya watu kusema kwamba utawala ulimwondoa mtu asiyestahili kuondolewa, na kwamba jambo hilo lina gharama? Kisa ni kilekile. Maswali ndiyo yamehamia upande wa pili.

Cha pili ni Good Company cha Monica Wilson, cha mwaka 1951, kuhusu Wanyakyusa. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti Rungwe katikati ya miaka ya 1930, wakati vijana walipokuwa wanakwenda Lupa kutafuta fedha. Kitabu kinahusu vijiji vya rika, jinsi vijana wa umri mmoja walivyojenga na kuishi pamoja. Ukikisoma ukiwa Chunya unaona kitu ambacho Bulpin hakioni: kijana yule aliyeshika sururu alikuwa na kwao, na fedha ya Lupa ilirudi kubadilisha mahari, ng'ombe na heshima kati ya baba na mwana. Lakini mwandishi yuko Rungwe, anawatazama vijana wakiondoka na kurudi. Katikati, kule walikokuwa, kuna pengo.

Cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi. Aylward Shorter, padri na mtafiti, alitoa mwaka 1972 kitabu kuhusu historia ya utemi wa Wakimbu, ambao nchi yao inashuka hadi kaskazini mwa Chunya. Alikijenga kwa masimulizi ya wazee aliowahoji miaka ya 1960. Humo, na katika makala yake ya mwaka 1968, kuna Nyungu ya Mawe, mbabe wa vita aliyeunganisha Ukimbu kwa nguvu ya rugaruga hadi alipofariki mwaka 1884. Kuna pia Mgalula, binti yake, aliyeshika utawala baada yake. Mwanamke mtawala, karne ya 19, nyanda zetu. Wasichana wangapi wa Kipembawe wanamjua?

Mimi nimeisoma makala ya Shorter kwa sababu chuo changu cha shahada ya umahiri kinalipia hifadhi ya majarida ya kitaaluma, nami nina nywila. Siku nitakayohitimu, nywila itafungwa. Wajukuu wa wale waliohojiwa hawakuwahi kuwa nayo. Wazee walisema kwa Kikimbu na Kiswahili, maneno yao yakaenda Oxford yakageuzwa Kiingereza, na sasa yanauzwa kwa dola. Simlaumu Shorter. Asingewasikiliza wakati ule, mengi yangezikwa na wazee hao. Ninachosema ni kwamba safari ya maneno yale haijakamilika, na aliye na wajibu wa kuikamilisha ni maktaba ya umma.

Wachenjuaji wa hapa wanaelewa jambo hili bila mhadhara. Mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na kwenye mwalo hautupwi. Unaitwa marudio, unauzwa, unachenjuliwa upya, kwa sababu mtambo wa kwanza haukuwa na uwezo wa kukamata dhahabu yote. Vitabu hivi vitatu ni marudio. Waliovichakata mara ya kwanza walichukua walichokuwa wanakitafuta: mmoja alitafuta shujaa, mwingine jamii ya rika, mwingine nasaba za watemi. Kilichobaki ndani ni kingi, na ni chetu.

Kwa hiyo podikasti ya maktaba Chunya, kama ningeulizwa, kipindi chake kingekuwa na umbo rahisi. Soma kwa muhtasari, kwa Kiswahili, kurasa chache za kitabu kilichoandikwa kuhusu hapa. Mpelekee mzee anayehusika. Msikilize akibisha. Kisha weka vyote viwili, muhtasari na sauti, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuja kubisha tena.

Neno kubisha nalitumia kwa makusudi. Mahojiano mengi ya wazee ninayoyasikia redioni na kwenye simu yameoza kwa adabu. Mtangazaji anauliza, "Babu, zamani maisha yalikuwaje?" Babu anajibu kwamba zamani kulikuwa na heshima, watu walipendana, vijana wa leo wameharibika. Muziki unapigwa, kipindi kimekwisha. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyejifunza kitu. Swali kubwa namna hiyo humlazimisha mzee ahubiri. Swali dogo humfanya akumbuke.

Mwaka jana nilikaa na mzee mmoja aliyezaliwa Saza kabla mgodi haujafungwa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa mimi ni mjukuu wa nani, nilimwuliza baba yake alikuwa anarudi kazini ananukaje. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Kabaidi, mjukuu wangu. Ile ya kwenye taa. Hata akioga, blanketi lilinuka kabaidi." Kutoka kwenye blanketi akaenda kwenye nani aliyelifua, kutoka hapo kwenye mama yake aliyekuwa anauza pombe kwa wachimbaji, na kutoka hapo kwenye siku pombe ile ilipomwagwa na askari. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumefika kwenye uchumi wa wanawake wa mgodini, jambo ambalo wale waandishi wa Kiingereza walilipita kwa haraka. Sikumwuliza kuhusu uchumi. Nilimwuliza kuhusu harufu.

Kuna jambo jingine alilonifundisha mzee yule bila kukusudia. Saza leo haiko Chunya. Wilaya ilipogawanywa, Saza na Mkwajuni zilikwenda Songwe, na mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa. Maktaba inayopanga historia kwa mipaka ya mkoa itamkata mzee huyu vipande viwili: kuzaliwa kwake kutakuwa upande mmoja, uzee wake upande mwingine. Mwamba wa dhahabu haujui mpaka wa halmashauri. Podikasti ina faida hapa, kwa kuwa sauti haihitaji rafu ya mkoa.

Yako mapingamizi, na nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu. La kwanza ni bando. Ni kweli, kipindi cha dakika 40 ni fedha. Lakini hapa Chunya nyimbo, mawaidha na mahubiri yanasafiri kila siku bila bando, kwa kadi ndogo za kumbukumbu zinazojazwa vibandani na kuchomekwa kwenye spika za bodaboda na redio za kwenye maduara. Maktaba inayotaka kusikika ipite njia hiyohiyo: ijaze kadi, ipeleke kibandani, iwape redio za jamii kipindi bure.

La pili ni zito zaidi: kwa nini tutumie fedha kwa sauti wakati watoto hawana vitabu? Nchi yetu ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Ndoto ilikuwa huduma ishuke hadi wilayani na vijijini. Kama kuna shilingi moja tu, mimi naipeleka kwenye kitabu. Podikasti isitumike kama kisingizio cha kutojenga chumba cha kusomea, na mtu atakayeizindua kwa utepe na hotuba huku rafu zikiwa tupu apingwe. Ila sauti za wazee zina tarehe ya mwisho, na kitabu hakina. Nakala ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi iliyotoka 1999 inaweza kununuliwa mwaka ujao, na mjadala wa kuilinganisha na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 unaweza kusubiri. Mzee aliyezaliwa Saza hawezi.

La tatu huwa halisemwi hadharani. Historia ya mahali penye dhahabu ina bei. Ukimrekodi mzee akisema nani aliyegundua mwamba fulani, au shamba fulani lilikuwa la ukoo gani kabla ya leseni kutolewa, umetengeneza ushahidi. Kesho sauti hiyo inaweza kuchezwa kwenye mgogoro wa duara, na mzee akajikuta adui wa tajiri asiyemjua. Hapa hamasa ya kijana mwenye simu haitoshi. Panahitajika taratibu: ridhaa inayoelezwa kwa lugha ya mzee, haki yake ya kusema sehemu hii isitoke hadi nife, na taasisi yenye anwani ambayo mtoto wake anaweza kuiendea na kudai. Mimi na simu yangu hatuwezi kumpa mzee dhamana hiyo. Maktaba ya umma inaweza, na hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya kutaka kazi hii iwe ya maktaba na isiachiwe wapenzi wa mtandao peke yao.

Brooklyn imetuonyesha kwamba sauti inaweza kumrudisha mtu kwenye rafu. Nairobi imetuonyesha kwamba rafu yenyewe inabidi iulizwe maswali kabla ya kupewa kinasa sauti. Kampeni za miaka ya 1970 zimetuonyesha kwamba watu wakisikiliza pamoja, kitabu kikiwa katikati yao, wanaweza kuinuka na kufanya jambo. Hakuna kati ya hayo linalotushinda kwa ukubwa wa gharama. Kinachotushinda ni mazoea ya kudhani kwamba historia ya Chunya imekwisha kuandikwa na iko mahali fulani, kwa Kiingereza, imetunzwa vizuri.

Rekodi yangu ya mzee wa Saza ina dakika 52. Iko kwenye simu yangu na kwenye kompyuta moja. Alinipa ruhusa niisikilizishe darasani, hakunipa ruhusa ya kuitoa mtandaoni, na aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Ukishamaliza shule yako, hii utamwachia nani?"